Msoma Mita

Mwaka wa kumi na tisa huu nasoma mita za maji Tanga,
Raskazone, Chumbageni, Makorora, hadi Sahare,
na mbwa wa mji huu nawajua
kuliko diwani anavyowajua wapigakura wake.
Kwa hiyo waliponiita kwenye mkutano wa kata
nilijua wanataka muundi wangu, si maneno yangu.

Darasa la tatu B. Madawati ya watoto, magoti yetu kidevuni.
Mtendaji, Bi Semkiwa, akasoma rasimu ya sheria ndogo:
ni marufuku kufuga, kuzalisha, kuingiza —
kisha majina matatu, ya ng'ambo yote,
ulimi ukijikwaa kama mguu kwenye matofali gizani.
Jibwa la taya pana.
Jibwa jeusi lenye nyusi za kahawia.
Na la tatu ambalo Tanga nzima hakuna aliyepata kuliona,
ila lilikuwamo kwenye karatasi walikonakili.

Hakuna aliyecheka.
Mwanjaa alikuwa amekaa mbele.
Shavu la mwanawe lilishonwa nyuzi kumi na moja pale Bombo.
"Msinifundishe tabia za mbwa," alisema.
"Nifundisheni namna ya kumlaza mtoto."

Shekiondo, mlinzi wa shamba la mkonge, akainuka, kofia mkononi:
wake amemlea kwa chupa, analala na paka,
"mtamchoma sindano kwa sababu ya uso?"
Sauti ya nyuma ikasema mbwa ni mbwa, najisi tupu,
waondoke wote, watu waswali kwa amani.
Ndipo kijana wa genge la nyanya akauliza, taratibu:
"Na wezi je? Nao tuwaandike kwa makabila?"
Darasa likanyamaza
kimya ambacho hakikuwa cha mbwa tena.

Dokta Mhina wa mifugo alikuja na daftari lake.
Kati ya kila walioumwa kumi, alisema,
saba wameumwa na koko wa jalalani,
nipeni chanjo, nipeni faini kwa wenye mageti mabovu.
Mwanjaa hakugeuka.
"Koko akikuuma anakuachia kidonda.
Lile liliondoka na nyama."
Dokta akafunga daftari. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Zamu yangu. Nikapandisha suruali.
Kovu liko pale, refu kama kijiko.
"Mbegu gani?" aliuliza Bi Semkiwa, kalamu tayari.
Mbegu gani! Kimbwa cheupe, kizito kama mkoba,
cha Mwalimu Nyange, aliyekuwa safu ya pili
akiitazama saa yake.
Nikasema, "Geti lilikuwa wazi."
Akatafuta kwenye fomu pa kuandika hilo,
hapakuwa na nafasi.

Sikusema lingine.
Sikusema kwamba Kamanda, yule jeusi aliyemng'ata mtoto,
nilimjua. Kila mwezi nilimkuna sikio.
Alifungwa kwa mnyororo mfupi kando ya mita,
mfupi kiasi kwamba akilala shingo hubaki juu,
na sufuria lake, siku zote nilizopita, lilikuwa kavu
hatua mbili kutoka kwenye bomba.
Nilichuchumaa. Niliandika uniti kumi na nne.
Nikaenda nyumba ya pili.
Kazi yangu ni tarakimu, nilijiambia,
mpaka jioni ile mnyororo ulipokatika
na mtoto wa Mwanjaa akipita na mkate.

Mikono ilihesabiwa. Waliotaka, ishirini na sita. Waliokataa, ishirini na wanne.
Mimi nilikuwa nakunjua suruali.

Kamanda alikuwa ameshachomwa, Alhamisi, kabla hata ya mkutano.
Mwezi uliofuata nilirudi kwenye nyumba ile.
Mnyororo umening'inizwa msumarini, umepakwa grisi,
unasubiri mwingine, wa mbegu inayoruhusiwa.
Nikafuta vumbi kwenye kioo cha mita.
Uniti kumi na nne.
Kama kawaida.
Haikupungua hata tone.